Mtandao Ukikatika, Takwimu Zisipotee

Haya ni maelezo kamili ya mada iliyowasilishwa na Afisa Habari wa Halmashauri mbele ya wajumbe wa kamati za vituo vya afya, watendaji na wakazi wa kata, kuhusu kurasa za kisasa za mtandao zinazotumika katika huduma za umma. Yanachapishwa hapa kwa faida ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria.



Nimepewa nafasi ya kuzungumza juu ya jambo ambalo jina lake la kitaalamu ni refu, lakini maana yake imo katika maisha yetu ya kila siku. Wataalamu huliita uundaji wa programu za wavuti zinazofanya kazi upande wa mtumiaji. Sisi tunaweza kuliita kwa swali ambalo nimeulizwa karibu katika kila mkutano wa hadhara niliohudhuria: “Mmetuambia leseni iko mtandaoni, malipo yako mtandaoni, taarifa za zahanati ziko mtandaoni. Je, mtandao ukikatika?”

Swali hilo ni la haki, nalo linastahili jibu lililo bora kuliko “jaribu tena baadaye”. Mimi si mhandisi wa kompyuta. Nilisomea mawasiliano ya umma, na kazi yangu ni kuyachukua maneno ya wataalamu na kuyafikisha kwenu yakiwa yanaeleweka. Basi yale nitakayoyasema leo nimejifunza kwa kuuliza, kusoma, na wakati mwingine kwa kuumia.

Naanza na kuumia huko. Miaka kadhaa iliyopita nilimsaidia shangazi yangu kujaza maombi katika tovuti ya taasisi moja, ambayo sitaitaja kwa jina. Tulijaza jina lake, tarehe ya kuzaliwa, kijiji, kata, majina ya wategemezi na maelezo mengine mengi, kazi iliyotuchukua karibu saa nzima. Tulipobonyeza mahali palipoandikwa “wasilisha”, mtandao ukakatika. Uliporudi, ukurasa ulikuwa mtupu kana kwamba hatukuwahi kuugusa. Tukaanza upya, ikawa vilevile. Mara ya tatu shangazi aliivua miwani yake, akaniambia: “Mwanangu, karatasi haikunifanyia hivi hata siku moja.”

Sikuwa na la kumjibu. Leo ninalo, na jibu lenyewe linapatikana katika historia ya huduma za afya, historia ambayo wilaya yetu ya Bagamoyo imo ndani yake tangu mwanzo.

Vitabu vya MTUHA na kompyuta za kwanza

Kila mmoja wetu aliyewahi kufika zahanati ameviona vitabu vikubwa vilivyo juu ya meza ya mhudumu. Hivyo ni vitabu vya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, uliojengwa nchini katika miaka ya 1990. Kuna kitabu cha wagonjwa wa nje, kuna cha wajawazito, kuna cha watoto, kuna cha wodi ya wazazi. Mama anapohudhuria kliniki, mstari mmoja huandikwa. Mtoto anapochanjwa, mstari mwingine huandikwa. Mwisho wa mwezi mistari hiyo huhesabiwa, jumla zake huingizwa katika fomu ya taarifa, na taarifa hiyo hupelekwa katika ofisi ya Mganga Mkuu wa Wilaya.

Msidhani kwamba hiyo ni kazi ya karatasi tu. Jumla hizo ndizo zinazotumika katika kuandaa mpango kabambe wa afya wa halmashauri. Zahanati ambayo taarifa zake hazikufika huonekana kana kwamba haikuhudumia mtu, na kijiji ambacho wagonjwa wake hawakuhesabiwa hakina cha kushika mkononi kinapodai muuguzi wa pili.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Oslo cha Norwei, kilianza kujaribu programu ya kompyuta ya kuhifadhi taarifa hizo. Bagamoyo na Kibaha zilikuwa miongoni mwa wilaya za majaribio. Programu hiyo ilijulikana kwa herufi DHIS, na chimbuko lake ni Afrika Kusini katika miaka ya 1990, baada ya nchi hiyo kuondokana na utawala wa ubaguzi.

Programu ya wakati ule ilikaa ndani ya kompyuta moja, ofisini. Kila wilaya ilikuwa na nakala yake. Fomu ikibadilishwa hata kwa mstari mmoja, ilibidi kila nakala ibadilishwe peke yake, na taarifa zilisafirishwa kutoka mashine hadi mashine kwa mkono wa binadamu. Kompyuta ikiharibika, na kama hapakuwa na nakala nyingine, kazi ya miezi iliharibika pamoja nayo.

Ndiyo sababu watunzi wake waliiandika upya, ili ikae katika seva moja na kufunguliwa kwa kivinjari cha kawaida, kama tunavyofungua tovuti yoyote. Toleo hilo jipya, DHIS2, lilianza kutumika mwaka 2006 katika jimbo la Kerala nchini India. Huku kwetu ilibidi tungoje njia. Mkongo wa SEACOM ulifika Dar es Salaam kupitia baharini mwaka 2009, ule wa EASSy ukafuata mwaka 2010, na mitandao ya simu ikaenea. Mwaka 2011 Kenya iliutumia mfumo huo nchi nzima kupitia seva moja ya kati. Kufikia mwisho wa mwaka 2013, mfumo ulikuwa umefikishwa katika mikoa yote ya Tanzania Bara.

Hapo ndipo lilipoibuka lile swali lenu. Kitabu cha MTUHA hakihitaji mtandao. Kompyuta ya zamani haikuhitaji mtandao. Mfumo mpya unauhitaji. Je, mtandao ukikatika?

Mtoto anayetumwa chumvi

Ili tuelewe namna swali hilo lilivyojibiwa, hatuna budi kutazama namna ukurasa wa mtandao unavyofanya kazi. Kila huduma ya mtandaoni ina pande mbili. Upande mmoja ni seva, yaani kompyuta kubwa iliyo mbali, yenye kutunza kumbukumbu. Upande wa pili ni kifaa kilicho mikononi mwako: simu, kishikwambi au kompyuta, pamoja na kivinjari kilichomo ndani yake.

Katika kurasa za zamani, kazi yote ilifanyika upande wa seva. Ulipobonyeza kitu chochote, hata kidogo, ukurasa mzima ulifutika, ombi likasafiri hadi kwenye seva, na ukurasa mpya ukarudi kutoka mwanzo hadi mwisho. Mfano wake ni mama aliyeko jikoni ambaye, kila anapogundua kuwa kimepungua kitu, hulazimika kuzima moto, kufungasha sufuria na mbuzi ya kukunia nazi, kwenda navyo vyote dukani, kisha kurudi na kuwasha moto upya. Akikwama njiani, chakula chote kimekwama.

Kurasa za kisasa hufanya kama mama yuleyule anavyofanya kweli: humtuma mtoto. Mtoto huenda dukani kufuata chumvi peke yake, na mama huendelea kukuna nazi. Mtoto akirudi, chumvi huingia mahali pake na mapishi huendelea. Mtoto akichelewa, moto hauzimiki.

Utaratibu huo wa kutuma na kupokea vipande vidogo vya taarifa bila kuufuta ukurasa mzima ndio unaoitwa Ajaksi. Vifaa vyake vilikuwapo kabla ya jina. Lugha ya JavaScript, inayoufanya ukurasa uweze kufikiri ndani ya kivinjari, ilitungwa mwaka 1995. Njia ya kutuma ombi dogo kisirisiri iliwekwa na kampuni ya Microsoft katika kivinjari chake cha Internet Explorer 5 mwaka 1999. Mwaka 2004 watu waliona barua pepe ya Gmail ikifunguka bila kufutika kila mara, na mwanzoni mwa mwaka 2005 wakaiona ramani ya Google ikivutwa kwa kidole cha panya huku vipande vyake vikijazwa kimyakimya. Februari mwaka huohuo Mmarekani Jesse James Garrett aliandika makala iliyoupa utaratibu huo jina, na tangu hapo jina likashika.

Turudi sasa ofisini kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, au katika kituo cha afya kinachoingiza taarifa zake chenyewe. Fomu ya mwezi ina visanduku vingi. Katika fomu ya DHIS2 mhudumu hahitaji kujaza visanduku vyote ndipo abonyeze “wasilisha” kwa kumuomba Mungu. Anapoandika namba katika kisanduku kimoja na kuhamia cha pili, ile namba ya kwanza hutumwa peke yake, papo hapo. Kisanduku hugeuka rangi ya njano namba ikiwa njiani; ikishafika na kupokelewa, hugeuka kijani. Mtandao ukikatika akiwa katika kisanduku cha hamsini, vile arobaini na tisa vilivyotangulia viko salama.

Ndugu zangu, natamani shangazi yangu angejaza fomu ya namna hiyo.

Hifadhi iliyo mkononi

Lakini hiyo ni nusu ya jibu. Nusu ya pili ni hii: vipi kama mtandao haupo kabisa, si kwa dakika mbili bali kwa mchana mzima?

Mfumo ulipokuwa ukienezwa Kenya mwaka 2011, jambo hilo lilikuwa mbele ya macho ya kila mtu, kwa sababu watumiaji wengi wa wilayani walitegemea modemu ndogo za mitandao ya simu. Watunzi wa DHIS2 walitumia uwezo mpya uliokuwa umeanza kuwekwa katika vivinjari wakati huo: hifadhi iliyomo ndani ya kivinjari chenyewe. Ukurasa ukishafunguliwa mara moja ukiwa na mtandao, fomu yake hubaki katika kifaa. Mtandao ukipotea, ukurasa haufi. Humwambia mhudumu waziwazi kwamba hayuko hewani na kwamba anachoandika kitahifadhiwa hapohapo. Naye huendelea na kazi. Mtandao ukirudi, ukurasa humwambia kwamba kuna taarifa ambazo hazijatumwa, na humwomba azipakie.

Wengi wenu mmeliona jambo linalofanana na hilo bila kulijua jina lake. Katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, karani alifika nyumbani akiwa na kishikwambi. Hakuwauliza kama mtaa wenu una mtandao. Aliuliza maswali yake, akaandika majibu, na majibu yale yalitumwa mtandao ulipopatikana. Programu ile ilikuwa ya aina nyingine, lakini kanuni ni ileile: kazi ifanyike pale alipo mtu, na safari ya taarifa ingoje njia ifunguke.

Katika kata zetu jambo hili lina uzito wake. Yuko anayeishi Dunda au Magomeni, anayefungua simu na mtandao ukamwitikia. Yuko pia aliyeko Fukayosi au Makurunge, katika kitongoji ambako mtu hupanda kichuguu kutafuta mawimbi ya simu. Mfumo unaofanya kazi pale tu mtandao ulipo imara utamhesabu wa kwanza na kumsahau wa pili. Kwa hiyo, kuupa ukurasa uwezo wa kufanya kazi upande wa mtumiaji si pambo. Ni suala la nani anahesabiwa.

Mkuku na mataruma

Mtaniuliza: je, kila anayetaka kuunda ukurasa wa namna hii huanza na ubao mtupu? Hapana. Tembeeni pwani yetu mkawatazame mafundi wa majahazi. Fundi hulaza kwanza mkuku, kisha husimamisha mataruma, na hapo umbo la chombo linaonekana hata kabla ya mbao za ubavuni. Wataalamu wa kompyuta nao wana mifupa iliyokwisha kutengenezwa na wenzao, nayo huitwa viunzi. Kiunzi kina majedwali, vitufe, menyu na njia za kutuma ujumbe kwenye seva. Fundi huongeza yale yanayohusu kazi yake tu.

Viunzi hivyo ni vingi, na hubadilika upesi. jQuery ilitoka mwaka 2006, Ext JS mwaka 2007, React ikatolewa hadharani na kampuni ya Facebook mwaka 2013. DHIS2 yenyewe imepita katika njia hiyo: kwa miaka mingi sehemu zake za ramani, majedwali na michoro zilijengwa juu ya Ext JS, na baadaye sehemu baada ya sehemu zikajengwa upya kwa React.

Kwa nini nawachosha kwa majina haya? Kwa sababu yana funzo kwa halmashauri yoyote. Jahazi lisilotiwa kalafati huvuja hata kama mkuku wake ni imara. Mfumo wa kompyuta nao hauishi siku ya kuzinduliwa. Kiunzi huzeeka, vivinjari hubadilika, na lililofanya kazi jana hukataa leo. Faida kubwa ya DHIS2 kwetu ni kwamba msimbo wake uko wazi kwa kila mtu, na kwamba wataalamu wetu wenyewe, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wameujua kwa ndani tangu enzi za majaribio ya Bagamoyo na Kibaha. Anayekijua chombo chake ndiye anayeweza kukiziba kikiwa baharini. Kila tunapopanga bajeti ya mfumo, tuulize nani ataukarabati, si nani atauzindua tu.

Mambo ambayo kijani hakiwezi kuyathibitisha

Sasa naomba niseme ukweli usiopendeza, kwa maana afisa habari anayesifu tu hana tofauti na tangazo.

La kwanza, ukurasa wenye uwezo mkubwa ni mzito. Kabla ya kuanza kazi, kivinjari lazima kipakue msimbo wote utakaoendesha kazi hiyo upande wako. Baada ya hapo mwendo huwa mwepesi, lakini ule mzigo wa mara ya kwanza hula bando, na simu ya bei nafuu yenye kumbukumbu ndogo huweza kuganda. Fundi anayejaribu ukurasa wake katika kompyuta mpya ya ofisini, penye mtandao wa kasi, hatauona uzito huo. Ataubeba mwananchi.

La pili, kilichohifadhiwa katika kifaa hakijafika kwenye seva. Hapa ndipo watu wengi hupotea. Mhudumu aliyejaza fomu bila mtandao, akafunga kompyuta na kwenda likizo, amemaliza kuandika lakini hajatuma. Kompyuta hiyo ikiibwa, au mtu akisafisha kumbukumbu za kivinjari, taarifa hizo hazipo tena. Kwa hiyo ukurasa mwema ni ule unaotofautisha wazi kati ya “nimehifadhi hapa” na “imepokelewa kule”, na mhudumu mwema ni yule asiyefunga kazi kabla ya kulisoma neno la pili.

La tatu, na hili ndilo kubwa kuliko yote: ukurasa unaweza kukagua hesabu, lakini hauwezi kukagua ukweli. Mfumo unaweza kumzuia mtu asiandike kwamba wajawazito waliopimwa malaria ni wengi kuliko waliohudhuria kliniki. Unaweza kumshtua akiandika mia tano mahali ambapo kila mwezi huandika hamsini. Lakini mtu akiandika arobaini na nane badala ya arobaini na mbili, ili kituo chake kionekane vizuri, kisanduku kitageuka kijani vilevile. Rangi ya kijani inasema kwamba namba imefika. Haisemi kwamba mama huyo alihudumiwa. Hilo linajulikana na kitabu kilicho juu ya meza, na dhamiri ya aliyekishika kalamu.

Ndiyo maana nawaomba wajumbe wa kamati za vituo msiviache vitabu vya MTUHA kwa sababu kompyuta imefika. Mnapokutana, ombeni muoneshwe jumla za mwezi zilizotumwa, na mlinganishe na jumla za vitabu. Hamhitaji kuona majina ya wagonjwa. Hayo ni siri yao na yalindwe. Mnahitaji jumla tu. Zikitofautiana, ulizeni kwa upole, na mulize mapema.

Na sisi tusio wahudumu wa afya?

Hayo ya zahanati yana ndugu zake katika huduma nyingine. Wafanyabiashara wengi mmekwisha kutumia mfumo wa TAUSI unaosimamiwa na TAMISEMI, ambamo mtu huomba leseni ya biashara na kupata kumbukumbu namba ya malipo, ile ambayo wengi tunaiita kontroo namba. Huko nako ni kurasa na seva, na kanuni ni zilezile. Naomba niwaachie mambo manne ya kushika.

Kwanza, msichanganye kubonyeza na kufika. Ukishawasilisha ombi, tafuta uthibitisho: ujumbe mfupi katika simu, namba ya ombi, au risiti. Mtandao ukikatika wakati wa malipo, usilipe mara ya pili kwa hofu. Angalia kwanza ujumbe wa malipo na hali ya kumbukumbu namba yako, kisha uulize.

Pili, jihadharini na vifaa vya watu wengi. Wengi wetu hujaziwa fomu katika steshenari, na si vibaya. Vijana wale wanatusaidia. Lakini nimeeleza kwamba kivinjari cha kisasa hutunza mambo ndani ya kifaa. Kwa hiyo, kabla hujanyanyuka, hakikisha akaunti yako imefungwa na neno lako la siri halikuhifadhiwa. Na akaunti iandikishwe kwa namba yako ya simu, si ya mwenye duka. Nimekutana na watu walioshindwa kuifungua akaunti yao wenyewe kwa sababu ujumbe wa uthibitisho uliendelea kwenda kwa mtu aliyekwisha kuhama. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamlinda mwananchi, lakini mlango wa kwanza tunaufunga wenyewe.

Tatu, ukurasa ukikukwamisha, toa taarifa iliyokamilika. “Mtandao unasumbua” haimsaidii fundi. Mwambie afisa wetu ulikuwa katika huduma gani, hatua ipi, saa ngapi, kwa simu au kompyuta ya aina gani, na maneno gani yalionekana. Kwa maelezo hayo mtaalamu anaweza kujua kama kosa liko upande wa seva au upande wako.

Nne, kamati na madiwani, mnapoletewa mfumo mpya, ulizeni maswali matatu kabla ya kupiga makofi. Je, umejaribiwa kwa simu ya bei nafuu, mahali penye mtandao dhaifu, mbele ya mtu wa kijijini? Mtandao ukikatika katikati ya kazi, nini kinabaki na nini kinapotea? Na je, unasema na mwananchi kwa Kiswahili anachokielewa pale jambo linapokwenda mrama? Mleta mfumo asiyeweza kuyajibu hayo hajamaliza kazi yake.

Maswali hayo hayahitaji shahada. Yanahitaji kumbukumbu ya siku ulipopoteza saa nzima mbele ya ukurasa uliofutika.

Waheshimiwa na ndugu zangu, mji wetu umekuwa kituo cha safari kwa muda mrefu. Misafara iliyotoka bara ilipofika Bagamoyo, mzigo ulihesabiwa hapa. Hakuna tajiri aliyeridhika kuambiwa kwamba mzigo umeondoka Ujiji. Alitaka kuuona umefika. Nasi tuwe na msimamo huohuo kwa mzigo wa taarifa zetu: mtoto aliyechanjwa Makurunge, mama aliyejifungua Yombo, mfanyabiashara aliyelipia leseni Mapinga. Haitoshi kwamba wameandikwa. Wafike, tena wafike kama walivyo.

Shangazi yangu, kwa taarifa yenu, alipata alichokuwa akikiomba, kwa karatasi, baada ya kufunga safari mbili. Sitaki mkazi mwingine wa wilaya hii alazimike kufunga safari mbili kwa sababu mtandao ulikatika kwa dakika mbili.